Gesi ya kiyoyozi cha gari haiishi, huvuja

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka upepo wa kaskazi unapotawala, kati ya Desemba na Machi, joto la Dar es Salaam hupanda hadi nyuzi 32 za Sentigredi au zaidi, huku unyevu wa hewa ya bahari ukilifanya lihisike kali kuliko kipimo chenyewe.

Ndicho kipindi ambacho wamiliki wengi wa magari hugundua kuwa viyoyozi vyao vina kasoro. Gari lililokuwa likitoa ubaridi wa kutosha wakati wa kipupwe, Juni na Julai, huanza kupuliza hewa ya vuguvugu mara linapokwama katika foleni ya Barabara ya Uhuru au Mtaa wa Msimbazi.

Safari ya kutafuta tiba huwafikisha wengi Gerezani na Kariakoo, ambako gereji na maduka ya vipuri vya magari yamepangana mtaa kwa mtaa. Huko, jibu ambalo mwenye gari hulipata mara nyingi ni fupi: gesi imeisha, ijazwe.

Gesi hujazwa, ubaridi hurudi, fedha hulipwa. Baada ya wiki au miezi michache joto hurejea, na mwenye gari naye hurejea kwa fundi kulisikia jibu lile lile.

Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama inavyoisha petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inapopungua kwa haraka maana yake ni moja tu: kuna mahali inatokea.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika kiyoyozi kinachovuja, nafuu ni ya muuza gesi, na hasara yote ni ya mwenye gari.

Si anasa tena

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, hasa yule ambaye kazi yake ni kuendesha gari, kiyoyozi kimeacha kuwa kitu cha anasa.

Dereva wa teksi mtandao hupimwa na abiria wake kila safari inapokwisha, na abiria aliyefika kazini shati likiwa limeloa jasho si rahisi kumpa alama za juu. Kwa dereva wa namna hiyo, kiyoyozi kibovu ni kipato kinachopungua.

Aidha, kufungua madirisha katika foleni za katikati ya jiji ni kuwakaribisha vibaka wanaopora simu na mikoba.

Wakati wa masika nako kiyoyozi kina kazi nyingine inayosahaulika. Hukausha hewa ya ndani na hivyo kuondoa ukungu unaotanda katika kioo cha mbele mvua inaponyesha. Dereva asiyeiona barabara ni hatari kwake na kwa waenda kwa miguu.

Sehemu kubwa ya magari yanayotembea jijini yaliingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika Japan kwa miaka kadhaa. Mipira ya maungio yake imezeeka, na vyuma vyake vya mbele vimepigwa na vumbi, mawe madogo na hewa ya chumvi.

Hivyo si ajabu kiyoyozi cha gari la aina hiyo kupata hitilafu. Ajabu ni kukitibu kila mara kwa dawa moja bila kuujua ugonjwa.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kulichukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje.

Waliowahi kunywa maji ya mtungi wa udongo wanaijua kanuni yake. Maji machache hupenya kwenye udongo na kugeuka mvuke, na yanapogeuka hubeba joto, hivyo yale yanayobaki mtungini hupoa. Ndani ya gari kazi hiyo hufanywa na gesi maalumu badala ya maji.

Kompresa, ambayo katika magari mengi huzungushwa kwa mkanda wa injini, huibana gesi hiyo mpaka ikawa ya moto na yenye shinikizo kubwa. Kutoka hapo gesi huingia katika kondensa, chombo chenye mapezi membamba kilicho mbele ya rejeta. Upepo wa barabarani na wa feni huipiga, ikaacha joto lake nje na kugeuka kimiminika.

Kimiminika hicho hupita katika draya, kichujio kinachonasa unyevu na uchafu, kisha katika valvu yenye tundu jembamba ambayo mafundi huiita ekspansheni. Kikivuka tundu hilo shinikizo hushuka ghafla.

Hapo kimiminika huingia katika evapareta, iliyofichwa ndani ya dashibodi, na kuanza kuchemka huku kikinyonya joto la hewa inayopulizwa juu yake. Gesi inayotumika katika magari mengi, R-134a, katika shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri.

Hewa iliyonyang'anywa joto ndiyo inayomfikia abiria ikiwa baridi, nayo gesi hurudi kwenye kompresa kuanza mzunguko upya. Katika safari yote hiyo hakuna mahali inapochomwa wala kutumika.

Inapopotelea

Ni kweli kwamba kiasi kidogo sana hupenya katika mipira na kwenye sili ya kompresa kadiri miaka inavyopita. Gari lililokaa miaka mingi bila kuguswa linaweza kuhitaji kuongezwa, na hilo si kosa la mtu.

Lakini gesi iliyojazwa Januari na kupungua Machi haikupenya. Imevuja.

Pa kwanza pa kutazama ni maungio ya mabomba, ambako kuna mipira midogo ya mviringo iitwayo oringi. Mpira huo ukikauka na kupasuka, gesi hutoka kidogo kidogo.

Pa pili ni kondensa, kwa kuwa imekaa mbele na hupokea kila jiwe linalorushwa na gari lililotangulia. Nyingine ni vile vijivalvu vidogo, mfano wa vya tairi, ambamo gesi hujaziwa, pamoja na sili ya mbele ya kompresa. Evapareta nayo huweza kuliwa na kutu, na kuifikia huhitaji kufungua sehemu kubwa ya dashibodi.

Alama ya kuvuja huonekana hata kwa macho. Ndani ya mfumo huo kuna mafuta ya kulainisha kompresa yanayosafiri pamoja na gesi, na gesi inapotoka huacha doa la mafuta lililonasa vumbi. Ungio lililo jeusi na lenye utelezi ilhali mengine ni makavu ni la kushukiwa kwanza.

Hapo ndipo penye hasara kubwa. Gesi inapopungua, mafuta hukosa wa kuyarudisha kwenye kompresa, na mengine humwagika palepale inapovuja. Kompresa inayozunguka bila mafuta ya kutosha husagika, ikajifunga, na vipande vyake vya chuma husambaa katika mabomba yote.

Hivyo oringi ambayo ingebadilishwa kwa fedha kidogo, ikipuuzwa kwa kujaziwa gesi mara tatu au nne, huishia kudai kompresa, kondensa, draya na ekspansheni kwa mpigo.

Dalili na maana yake

Kabla ya kwenda kwa fundi, mwenye gari anaweza kujifunza mengi kwa kusikiliza na kugusa tu. Washa injini, washa kiyoyozi, weka ubaridi wa juu kabisa, kisha tazama ni lipi kati ya haya linalotokea.

La kwanza ni upepo kutoka hafifu ingawa ni wa baridi. Hapa gesi haihusiki. Tatizo laweza kuwa mota ya feni ya ndani au, mara nyingi zaidi, kichujio cha hewa kilichoziba.

Katika magari mengi ya Toyota yanayopendwa jijini, kichujio hicho hukaa nyuma ya kabati dogo la dashibodi upande wa abiria. Wapo wenye magari wasiojua kuwa kipo, na kikitolewa hukutwa kimejaa vumbi na majani. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache isiyohitaji fundi bingwa.

La pili ni upepo kutoka kwa nguvu lakini wa joto, na kompresa haigeuki. Katika magari yenye kompresa ya klachi, mtu akisimama karibu na boneti iliyo wazi husikia mlio mfupi mithili ya kidole kugonga meza kiyoyozi kinapowashwa. Usiposikika, umeme haufiki kwenye klachi, au klachi yenyewe imeharibika.

Sababu inaweza kuwa fyuzi, rilei, waya uliokatika au swichi ya shinikizo. Swichi hiyo huizuia kompresa kwa makusudi gesi inapokuwa kidogo mno, ili isijiharibu. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili kompresa izunguke kwa nguvu anakiondoa kinga hicho, na ni vema akazuiwa.

La tatu ni kiyoyozi kupoza gari likiwa mwendoni na kuacha kupoza katika foleni. Dalili hii huwasumbua sana wanaopita Kariakoo, na wengi huuziwa gesi kwa ajili yake bila sababu.

Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabara huipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo hubaki kwa feni. Feni isiyozunguka, inayozunguka polepole au kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu huliacha joto lisitoke. Tiba ni kuitengeneza feni, au kuyaosha mapezi kwa maji ya msukumo mdogo. Maji ya msukumo mkubwa huyapinda mapezi hayo.

Dalili hii haipaswi kupuuzwa, kwani feni hiyo hiyo katika magari mengi ndiyo inayoipoza injini. Kinachoanza kama joto la abiria chaweza kumalizika kwa injini kuchemka.

La nne ni ubaridi kuja na kupotea. Ikiwa hupotea baada ya nusu saa na kurudi gari linapopumzika, huenda unyevu uliomo katika gesi unaganda kwenye tundu la ekspansheni na kuliziba, kisha unayeyuka. Huenda pia nafasi ya klachi imekuwa pana kwa kuchakaa, hivyo ikipata moto haishiki.

La tano ni hewa ya joto kutoka ingawa mabomba chini ya boneti ni baridi. Hapo huenda kijilango kinachochanganya hewa ya kiyoyozi na ile ya kipasha joto, ndani ya dashibodi, kimekwama. Magari yaliyotoka katika nchi yenye majira ya baridi yote yana kipasha joto hicho.

Mwisho ni harufu ya uvundo na zulia kuloa upande wa abiria. Maji yanayodondoka chini ya gari lenye kiyoyozi ni ya kawaida, kwani ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Yasipodondoka chini na badala yake yakaingia ndani, bomba la kuyatoa limeziba na lahitaji kuzibuliwa.

Geji mbili, maswali mawili

Fundi mwenye ujuzi hafungui mtungi wa gesi kabla ya kupima. Hufunga geji mbili: ya buluu upande wa shinikizo dogo na nyekundu upande wa shinikizo kubwa.

Katika gari la kawaida linalotumia R-134a, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na hewa ikiwa na nyuzi 30 hadi 35, geji ya buluu husomeka kati ya paundi 21 na 36 kwa inchi ya mraba, na nyekundu kati ya paundi 200 na 230 hivi. Viwango hutofautiana kidogo baina ya gari na gari.

Zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au kuna hewa ya kawaida ndani ya mfumo, au kondensa haipozwi. Ya buluu ikiwa juu na nyekundu chini, kompresa imechoka. Ya buluu ikishuka karibu na sifuri au chini yake, kuna kizuizi katika ekspansheni au draya.

Injini ikiwa imezimwa kwa muda mrefu, geji zote mbili hulingana. Katika joto la Dar es Salaam husomeka karibu na paundi 100. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba gesi ipo, si kwamba inatosha, kwa maana mtungi uliojaa na ulio robo huonyesha shinikizo moja maadamu kimiminika kingalimo. Anayesema gesi imejaa kwa kutazama geji ya gari lililozimwa anabahatisha.

Ikithibitika kwamba gesi imepungua, mwenye gari ana haki ya kuuliza maswali mawili: imetokea wapi, na utaithibitishaje?

Njia za kuthibitisha ni kadhaa. Mfumo waweza kujazwa naitrojeni kavu kisha maungio yakapakwa povu la sabuni. Yaweza kutumika rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau, au kifaa cha umeme kinacholia kinaponusa gesi. Kutafuta pa kuvujia kwa kutumia mwali wa moto ni hatari na hakufai.

Baada ya kuziba, mfumo hufyonzwa kwa pampu ya vakyumu kwa muda usiopungua nusu saa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kwa haraka ya kazi, nayo ndiyo inayoondoa hewa na unyevu. Unyevu ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa tindikali inayokula mabomba kutoka ndani.

Pampu ikizimwa, mshale wa geji unapaswa kutulia. Ukipanda, kuna mahali bado panavuja, na kazi haijakwisha.

Ndipo gesi hujazwa, tena kwa kupimwa kwa mizani. Kiasi kinachotakiwa huandikwa katika kibandiko chini ya boneti, na kwa magari madogo mengi ni kati ya gramu 400 na 600. Magari yenye kiyoyozi cha nyuma, mfano wa yale ya familia yenye viti vya safu tatu, huhitaji zaidi. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua badala ya kuongezeka.

Kazi ikiwa imefanyika vizuri, kipimajoto kikiwekwa kwenye tundu la katikati la dashibodi, gari likiwa mwendoni, husoma takriban nyuzi 4 hadi 10. Likiwa limesimama juani husoma zaidi kidogo.

Mtungi una nini?

Si kila mtungi wenye maandishi R-134a una gesi hiyo. Ulimwengu umekwisha kuona athari za bandia.

Mwaka 2011 makontena ya majokofu yaliyokuwa yamehudumiwa nchini Vietnam yalilipuka na kuua wafanyakazi. Uchunguzi ulihusisha milipuko hiyo na gesi iliyochanganywa na kemikali iitwayo methili kloraidi, ambayo ikikutana na aluminiamu, chuma kinachotengenezea sehemu kubwa ya kompresa, hutengeneza kitu kinachowaka kikigusana na hewa.

Gesi zinazotokana na jamii ya gesi ya kupikia nazo hupoza vizuri, lakini huwaka. Katika gari lisilobuniwa kwa ajili yake, gesi hiyo ikivujia ndani ya dashibodi huweka abiria katika hatari ya moto.

Mwenye gari anapaswa kuuona mtungi, kusoma jina la gesi na kulilinganisha na kibandiko cha gari. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, na baadhi ya magari mapya zaidi hutumia R-1234yf. Gesi hizi hazichanganywi, na R-1234yf yenyewe huweza kuwaka ingawa si kwa wepesi.

R-12 iliondolewa kwa sababu iliharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, ulikomesha utengenezaji wake katika nchi zilizoendelea mwanzoni mwa mwaka 1996 na katika nchi zinazoendelea mwaka 2010.

R-134a haigusi ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kilo moja yake ikiachiwa hewani hufanya kazi ya takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana nchi zilizokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 zilikubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii yake, na makubaliano hayo yakaanza kutumika Januari 1, 2019.

Kwa hesabu hiyo, gramu 500 zinazovuja kutoka katika gari moja dogo ni sawa na moshi wa zaidi ya lita 300 za petroli. Anayejaza mara tatu kwa mwaka bila kuziba hupoteza fedha zake na kuongeza joto lile lile analolikimbia.

Kipi kinunuliwe cha mtumba?

Maduka ya Kariakoo na Gerezani huuza vipuri vipya na vilivyotumika, na si kila kilichotumika ni kibaya.

Kompresa ya mtumba iliyotoka katika gari zima inaweza kufanya kazi miaka mingi, endapo mnunuzi ataikagua. Matundu yake yawe yamezibwa, kwani yaliyoachwa wazi yameingiza unyevu na vumbi. Ikizungushwa kwa mkono iende kwa ulaini bila kukwaruza. Mafuta yake yawe maangavu. Yakiwa meusi au yenye chembe za chuma zinazometameta, irudishwe juu ya kaunta.

Pia idadi ya mifereji ya puli, namba iliyo kwenye kibandiko na umbo la plagi yake vilingane na ile ya zamani. Ndiyo sababu ni busara kwenda dukani na kifaa kilichotolewa mkononi, badala ya jina la gari pekee.

Vipo visivyofaa kununuliwa vikiwa vimetumika hata kama bei yake inavutia. Draya ni kimojawapo, kwa kuwa punje zake hunyonya unyevu wa hewa mara zinapoachwa wazi. Oringi nazo ziwe mpya na za aina iliyotengenezwa kwa ajili ya R-134a.

Na pale ambapo kompresa ya zamani ilijisaga, kufunga nyingine bila kusafisha mabomba na kubadili draya ni kuipeleka mpya katika kaburi la ile ya kwanza. Kondensa nyingi za kisasa zina njia nyembamba mno zisizosafishika, hivyo nazo hubadilishwa.

Tahadhari ya pekee ni kwa magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme. Katika mengi ya magari hayo kompresa huendeshwa na umeme wenye nguvu ya zaidi ya volti 100, kwa nyaya za rangi ya chungwa. Mafuta yake pia ni ya aina tofauti, yasiyopitisha umeme. Fundi akitumia mafuta ya kawaida anaweza kuharibu kompresa na kuhatarisha maisha yake.

Kabla ya kununua gari

Anayenunua gari lililotumika ana nafasi nzuri ya kujikinga kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kiyoyozi kijaribiwe gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma kwa dakika zisizopungua 10, tena mchana wa jua, si asubuhi. Kisha kijaribiwe barabarani. Maungio yatazamwe kama yana mafuta au mabaki ya rangi ya kijani-njano, ishara kwamba kuna mtu aliyewahi kutafuta uvujaji.

Muuzaji anayejaza gesi asubuhi ya siku ya mauzo anaweza kumfanya mnunuzi aamini kuwa kila kitu ni kizima. Kurudi na kulijaribu gari tena baada ya wiki moja, inapowezekana, hufichua mengi.

Risiti na ujuzi

Mafundi wengi wa Gerezani na Shauri Moyo wamejifunza kazi kwa vitendo tangu ujana, na wapo mahodari. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya majokofu na viyoyozi, na pia huwapima na kuwatambua rasmi waliopata ujuzi wao kazini.

Mteja hahitaji kujua kila kitu ili kumtambua fundi mzuri. Akiwa na geji, pampu ya vakyumu na mizani, na akikubali kueleza anachokiona katika geji hizo, hiyo ni dalili njema. Akiwa na mtungi na bomba moja tu, ni muuza gesi.

Ni muhimu kudai risiti inayoonyesha kazi iliyofanyika, aina ya gesi na kiasi chake kwa gramu. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema, gari likirudi baada ya mwezi, kama gesi imevuja au haikuwekwa ya kutosha.

Kwa anayeuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC), chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji. Bila risiti, hata hivyo, malalamiko hubaki kuwa maneno matupu.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Kiyoyozi kiwashwe walau dakika 10 kila wiki, hata wakati wa baridi, ili mafuta yazunguke na sili zisikauke. Gari lililokaa juani lifunguliwe madirisha kwa dakika moja au mbili hewa ya moto itoke kwanza, kisha swichi iwekwe katika kuzungusha hewa ya ndani. Kichujio kitazamwe kila mwaka, na kondensa ioshwe baada ya msimu wa vumbi.

Na siku fundi atakaposema gesi imeisha, kabla ya kukubaliana bei, aulizwe kwanza imetokea wapi.